Nani Atabeba Pointi Zako?

Masomo: Kutoka 21:28–29, Wagalatia 6:2–5, Filemoni 18



Jumatano mbili zilizopita, katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Kawangware, tulipokea ombi la maombi ambalo lilituacha tukibishana mpaka chai ikapoa. Lilitoka kwa dada yetu aliyekulia hapa hapa, akaimba kwaya pamoja nasi, na sasa anafanya kazi Uingereza ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kazi hiyo haiwezekani bila gari. Asubuhi anamwogesha mzee mmoja, saa nne yuko mji mwingine kumpa mama fulani dawa, jioni anarudi kwa yule wa kwanza kumlaza. Ameniruhusu niandike habari yake, mradi nisimtaje jina.

Dada huyu alikuwa na pointi 9 za makosa kwenye leseni yake. Sasa kamera ya barabarani imemnasa tena akienda mwendo wa kasi. Kosa hilo huleta angalau pointi 3. Tisa na tatu ni kumi na mbili, na kule anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka 3 husimama mbele ya hakimu, na kwa kawaida hupokonywa leseni kwa muda usiopungua miezi 6.

Barua iliyofika nyumbani inamtaka mwenye gari aandike ni nani aliyekuwa kwenye usukani. Gari limeandikishwa kwa jina la mume wake. Mume hana hata pointi moja. Nafikiri umeshaona mambo yanakoelekea.

Dada akatuuliza: "Mume wangu yuko tayari kuandika jina lake. Ni pointi 3 tu, hazitamdhuru. Mimi nikisimamishwa, kazi imekwisha, na ile karo ya watoto wa marehemu kaka yangu huko Kibera imekwisha. Je, ni dhambi mtu kumbebea mwenzake?"

Ndugu mmoja akadakia, "Hiyo si dhambi, ni upendo! Kwani Yesu hakubeba yetu?" Mama mmoja akaongeza kwamba Paulo alishawaandikia Wakorintho kuwa upendo hauweki hesabu ya mabaya, kwa hivyo hao wanaohesabu pointi ndio wenye shida. Tukacheka. Lakini mimi kicheko changu kilikuwa kifupi, na leo nitawaeleza kwa nini.

Faini na pointi si kitu kimoja

Kwanza tuelewe hizi pointi ni nini, maana kwetu hapa bado wengi tunazisikia tu. Tulipoletewa leseni ya kisasa yenye chipu mwaka 2017, habari ya kuhifadhi makosa ya dereva ndani yake ilizungumzwa sana kwenye steji. Hata hivyo wazo lenyewe si geni. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, tangu zamani inairuhusu mahakama kuamuru hukumu iandikwe kwenye leseni, au kumzuia mtu asiendeshe kwa muda. Wale waliokuwa na ile leseni nyekundu ya kijitabu wanakumbuka. Vijana wetu walioenda kuendesha magari Dubai nao wanajua kwamba huko zikifika pointi nyeusi 24 leseni inasimamishwa.

Sisi tumezoea faini zaidi. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zinasema dereva akizidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa anapewa onyo. Akizidisha kwa 6 hadi 10 ni shilingi 500, kwa 11 hadi 15 ni 3,000, na kwa 16 hadi 20 ni 10,000. Sasa angalia tofauti. Faini inakuuliza kama una pesa. Ukiwa nazo, unalipa na kuondoka mtu yule yule. Tajiri anaweza kulipa kila wiki na asibadilike kamwe. Pointi hazikuulizi pesa. Zinakuuliza kama bado ni wewe yule yule wa mwezi uliopita.

Tena hesabu hiyo si ya milele. Kule Uingereza, miaka 3 ikipita bila kosa jipya, zile za zamani haziingii tena katika hesabu ya kupokonywa leseni. Huko Falme za Kiarabu katika miaka hii ya karibuni wamekuwa na siku moja, shule zinapofunguliwa, ambapo dereva akiweka ahadi na kuendesha siku hiyo bila kosa anapunguziwa pointi 4. Nilipoisikia hiyo nilitabasamu. Hata serikali inajua mtu anahitaji mahali pa kuanzia upya.

Kwa hivyo pointi ni maonyo yaliyopangwa. Mtu hafiki 12 kwa ajali. Anafika kwa kupita 3, akapita 6, akapita 9, na kila mara aliambiwa.

Habari ya mheshimiwa mmoja

Hili swali la dada yetu limewahi kujibiwa mahakamani huko huko aliko. Mwaka 2003 mwanasiasa aitwaye Chris Huhne alinaswa na kamera akiendesha kasi. Aliogopa kupokonywa leseni, basi mkewe, Vicky Pryce, akasema yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akazibeba zile pointi. Jambo likalala. Huhne akapanda, akawa waziri. Baadaye ndoa ikavunjika, siri ikatoka, na mnamo Machi 2013, miaka 10 baada ya kosa lenyewe, wote wawili wakafungwa jela miezi 8 kila mmoja kwa kupotosha haki. Na kumbuka, leseni yenyewe hawakuiokoa. Mwaka ule ule wa 2003 Huhne alizuiwa kuendesha kwa kosa jingine, la kutumia simu akiwa kwenye usukani.

Lakini sitaki tuogope jela tu. Mtu akiacha uongo kwa sababu ya jela peke yake, siku atakapohakikishiwa kwamba hatashikwa atarudi. Nataka tuulize kama kitendo chenyewe ni chema au kibaya, hata kama hakuna atakayejua.

Mimi nilishawahi kubeba

Wengi wenu mnanijua kama mzee wa kanisa. Wachache wanajua kwamba kabla sijaokoka nilikuwa makanga katika njia ya 46. Ilikuwa miaka michache baada ya zile sheria za Michuki za 2004, zilizotuletea mikanda, mstari wa manjano na kidhibiti mwendo cha kilomita 80. Dereva niliyefanya naye kazi alikuwa mtu mcheshi, mkarimu, na mwenye haraka. Hesabu ya mwenye gari ilikuwa haingoji. Msongamano ukimkuta Ngong Road, alikuwa anapanda juu ya njia ya watu wa miguu, ile tunaita kuovalapu, na mimi nikigonga mlango kumpa moyo.

Mara mbili aliposhtakiwa, mimi ndiye niliyeenda mahakamani. Siku hizo umati ulikuwa mkubwa, majina yakisomwa haraka haraka. Jina lake likaitwa, nikasimama. Nikaulizwa kama ni kweli, nikasema ni kweli. Pesa ya mwenye gari ikalipa, tukarudi kazini. Nilijiona rafiki wa kweli. Yeye alikuwa na watoto wanne, mimi sikuwa na mtoto. Nani angeumia?

Siku moja, Naivasha Road, alipanda tena kando ya barabara. Kulikuwa na mama muuza sukuma aliyekuwa anainama kufunga gunia lake. Hakufa, Mungu ni mwema. Lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu wa kutembelea.

Nilikaa nyuma mahakamani siku ya kesi hiyo. Dereva akakubali kosa la kuendesha bila uangalifu. Halafu nikasikia maneno ambayo wote waliowahi kukaa katika vyumba hivyo wanayajua: kwamba mshtakiwa hana rekodi ya awali, na achukuliwe kama mkosaji wa kwanza. Alipigwa faini. Kabla jua halijatua alikuwa barabarani.

Mkosaji wa kwanza! Mimi nilijua si wa kwanza. Nilijua kwa sababu rekodi yake niliivaa mimi.

Ng'ombe aliyezoea kupiga pembe

Miaka ilipita, nikaokoka, na siku moja nikisoma Kutoka 21 nikakutana na kesi yangu. Torati inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe alishaonywa lakini hakumfunga, hapo mambo yanageuka. Mwenyewe naye ana damu mikononi.

Mungu ndiye anayesema hivyo, wapendwa. Tukio ni lile lile, pembe ni ile ile, aliyekufa ni binadamu yule yule. Kinachobadilisha hukumu ni historia: je, uliambiwa? Maonyo yaliyotangulia yana uzito mbinguni. Kwa hivyo tusiseme kwamba kuweka rekodi ni ukatili wa wazungu. Ilikuwa katika Torati ili jirani asife.

Ndiyo maana kufuta rekodi kwa uongo si jambo dogo. Nilipojibu "ni kweli" kwa jina lisilo langu, sikuiondoa pembe ya ng'ombe. Niliondoa onyo tu. Nilimwacha ng'ombe na pembe zake, nikawanyima majirani taarifa. Na hii kitu kidogo tunayompa askari kando ya barabara inafanya kazi hiyo hiyo. Noti inapita mkononi, kosa haliandikwi, na kesho dereva yule yule yuko barabarani, na kila karatasi inasema yeye ni mtu safi. Mhubiri 8:11 anatuonya kwamba hukumu ikichelewa, moyo wa mtu unapata ujasiri wa kutenda mabaya. Dereva wangu alipata ujasiri huo kutoka kwangu.

Katika nchi yetu watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu. Yaani ni sisi: tunaotembea kutoka Kibera hadi Industrial Area alfajiri, watoto wetu wanaovuka kwenda shule, mama zetu wanaouza kando ya lami.

Lakini Yesu si alibeba?

Ndiyo, alibeba. Na hapa ndipo yule ndugu yetu alitoa hoja ambayo hatuwezi kuipita. Wokovu wetu wote ni habari ya mmoja aliyebeba ya wengine. Je, kwa nini yeye alibeba na ni injili, na mimi nilibeba na ni uongo?

Nimeifikiria sana, na hivi ndivyo ninavyoona. Yesu hakusema ni yeye aliyetenda dhambi. Pale msalabani dhambi ilibaki na jina la mwenyewe: ni yangu, ni yako. Wakolosai 2:14 inatuambia ile hati ya deni letu iligongomewa msalabani. Kitu kikigongomewa mahali pa juu, kila mtu anakiona. Hati hiyo haikuchanwa gizani, wala hakuna karani aliyelipwa ili ipotee. Ilisomwa yote, ikalipwa yote, mchana.

Mtazame Paulo na Onesimo. Katika barua kwa Filemoni, mstari wa 18, Paulo anasema kama Onesimo ana deni lolote, lihesabiwe kwake Paulo. Huko ni kumbebea mtu. Lakini hakuandika, "Ni mimi niliyekukosea." Alimrudisha Onesimo kwa yule aliyemkosea, na barua mkononi. Kubeba kwa kweli kunamleta mkosaji kwenye nuru. Kubeba kwangu kulimficha.

Tena yule anayesamehewa na Kristo habaki alivyokuwa. Zaburi ya 130 inakiri kwamba kama Bwana angehesabu maovu yetu, hakuna ambaye angesimama. Halafu inaendelea kusema kwamba kwake kuna msamaha ili yeye aogopwe. Msamaha wa Mungu huzaa hofu njema. Msamaha wangu kwa yule dereva ulizaa mama asiye na mguu.

Na kuhusu yule mama wa Wakorintho: ni kweli, upendo hauweki hesabu ya mabaya niliyotendewa mimi. Hiyo ni haki yangu kusamehe. Lakini siwezi kufuta hesabu ya hatari inayomkabili mtu mwingine, halafu niite hiyo upendo. Huyo mwingine hakuniruhusu.

Na mkate je?

Najua mtu anasoma hii akiwa kwenye gari, na anasema, "Mzee, wewe unaongea vizuri, lakini leseni ndiyo sahani yangu." Nakusikia. Sitakudanganya kwamba kupokonywa leseni ni jambo jepesi. Kwa dereva wa namba 8 huko Kibera, miezi 6 bila kushika usukani ni kodi, ni unga, ni karo. Na kuna uonevu pia. Mwenye gari anayedai hesabu isiyowezekana hapati pointi hata moja. Na ukiandikiwa kosa ambalo hukulitenda, si utakatifu kulikubali. Ni haki yako kukana na kesi isikilizwe.

Lakini kama ulitenda, Wagalatia sura ya 6 ina neno lako. Mstari wa 2 unatuagiza tubebeane mizigo. Mistari mitatu baadaye, katika mstari wa 5, tunaambiwa kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Watu hudhani Paulo alijisahau. Hakujisahau. Kosa ni mzigo wako, hakuna anayeweza kulitia sahihi badala yako. Unga wa watoto wako wakati wa adhabu ni mzigo wetu sote.

Hapa ndipo kanisa linapimwa. Ni rahisi kumwambia mtu aseme ukweli halafu tukamwacha aulipie peke yake. Ndugu akisimamishwa leseni kwa sababu alikataa kutoa hongo au kudanganya, na sisi tukamsalimia tu Jumapili na kumwambia tunamwombea, basi sisi ndio tunaomsukuma arudi kwenye uongo.

Hivyo ndivyo tulivyomjibu dada yetu. Tulimwambia aandike jina lake mwenyewe. Tulimkumbusha kwamba sheria ya huko inamruhusu kusimama mbele ya hakimu na kueleza shida isiyo ya kawaida ambayo wengine wataipata akizuiwa kuendesha, wakiwemo wale wazee wanaomngoja. Hakimu anaweza kukubali au kukataa, lakini atakuwa amesema ukweli. Na mama yule yule aliyetuchekesha ndiye aliyetoa kitambaa chake, akakitandaza mezani, akaweka noti ya kwanza kwa karo ya wale watoto wa Kibera muhula huu.

Siku nne baadaye dada akatutumia ujumbe: "Nimejaza fomu. Jina ni langu. Mume wangu alilia, nafikiri ni kwa kufarijika." Tarehe ya mahakama bado haijafika. Tunaendelea kuomba.

Nami baada ya kuokoka nilimtafuta yule mama wa sukuma. Nilimkuta Kawangware, ameketi mlangoni, akichambua mboga. Nikamweleza yote, nikamwambia mimi ndiye niliyemfanya dereva aonekane hana rekodi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana wangu, miaka yote hii nilijua ni dereva aliyenigonga. Sikujua mlikuwa wengi."

Alinisamehe. Kila mwezi nampelekea kitu kidogo cha halali, na bado naona si kingi. Lakini neno lake limebaki nami. Mlikuwa wengi. Dereva aliyekanyaga mafuta, mwenye gari aliyedai hesabu, askari aliyekunja noti, makanga aliyejibu jina la mwingine, na abiria waliopiga kelele, "Dere, songa, tumechelewa!" Abiria mpendwa, nawe ulikuwa humo. Mara ya mwisho dereva alipopanda juu ya njia ya watu wa miguu ukiwa ndani, ulisema nini?

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni onyo gani ambalo Bwana amekupa zaidi ya mara moja, nawe ukalifuta badala ya kulisikia?
2. Kama ndugu katika kundi lenu angesimamishwa leseni leo kwa kusema ukweli, mngembebea nini hasa, na kwa miezi mingapi?
3. Je, kuna mtu aliyeumia kwa sababu ulimficha mwingine? Utamwendea lini?

Tuombe

Baba, wewe uliisoma hati yetu yote na hukutukimbia. Tupe ujasiri wa kuandika majina yetu wenyewe mahali panapotakiwa majina yetu. Walinde wanaotembea kando ya barabara zetu. Mkumbuke dada yetu siku atakaposimama mbele ya hakimu, na utufanye sisi kuwa watu ambao mtu anaweza kusema ukweli mbele yao bila kulala njaa. Katika jina la Yesu, Amina.